Mwalimu Aliyekataa Kusingizia Mtandao

Kila nikipita Kombani nikasikia mtu akisema "yule mama wa kompyuta alijaa kiburi", damu hunichemka. Na hasira yangu haina upande mmoja. Ninawakasirikia wanaosema hivyo, ninaikasirikia ofisi iliyomtupa, na Mungu anisamehe, ninamkasirikia hata yeye mwenyewe. Kwa kawaida mimi ni mtu wa kucheka. Rafiki zangu wa Ukunda husema mimi nikiumwa na nge nitamwambia ahsante. Lakini habari ya Mwalimu ikitajwa, kicheko hunikauka mdomoni. Nimeamua kuiandika nikiwa bado na hasira hivi hivi, maana nikingoja ipoe nitaandika mambo matamu matupu, na yeye matamu matupu hakuyapenda.

Jina lake silitaji. Sisi tulimwita Mwalimu, basi. Waliotoka bara walimwita "madam", na kila alipoitwa hivyo aligeuka kutazama mlangoni kana kwamba kuna mgeni ameingia, kisha akamrudia yule mtu: "Madam hajafika. Nikusaidie mimi?"

Darasa lake lilikuwa chumba nyuma ya duka la mabati na saruji, pale Kombani, barabara ya kwenda Kwale. Kompyuta zilitoka hoteli moja ya Diani iliyokuwa ikinunua mpya. Ukizigeuza zile bodi za herufi na kuzipiga kofi mgongoni, zilimwaga mchanga wa ufukweni. Kodi ya chumba ililipwa na mradi wa maji wa upande wa Kinango, kwa sababu Mwalimu ndiye aliyekuwa akiwaandikia programu ya kupanga zamu za lori la maji. Mapatano yalikuwa kwamba sisi tukihitimu, mradi utatuchukua kazini. Mimi wakati huo nilikuwa nabeba vitanda vya wageni ufukweni, asubuhi kuvitoa, jioni kuvirudisha, na shule nilikuwa nimeishia kidato cha pili. Nikaona tangazo limebandikwa kwenye nguzo ya stima: "Kuandika programu. Elimu yoyote." Lile neno "yoyote" lilinisimamisha pale nguzoni mpaka mwenye bodaboda akaniuliza kama nimepotelewa na kitu.

Sasa, ukali wake. Msije mkadhani alikuwa mkali kwa kila kitu. Ukichelewa kwa sababu ya mnada au mgonjwa, alikumiminia chai. Ukisahau somo zima alikurudishia tangu mwanzo bila kuguna. Kilichomtoa moto ni mtu kusema kitu kimefanyika bila kuangalia.

"Imekubali?" angeuliza.

"Imekubali, Mwalimu."

"Umemuuliza nani?"

Kumbe hukuwa umemuuliza mtu. Uliandika, mashine ikanyamaza, ukadhani kunyamaza ni kukubali. Basi utasikia! Mwalimu alikuwa mwembamba kama ufito, lakini sauti ile ilivuka ukuta mpaka wapakiaji wa saruji upande wa pili wakaacha kupakia. "Umeweka, hujasoma ulichoweka! Wewe ni mtu wa kupika ukaenda kulala bila kufunua sufuria!" Na baada ya kutukaripia hivyo, saa saba akatuletea viazi vya karai vimefunikwa kwa leso, akatukaripia tena kwamba tunakula kidogo.

Alitufundisha kwa kutusomesha kwa sauti, kama chuo cha Kurani. Nyinyi mliokaa mkekani mbele ya maalim mnajua: kidole kwenye herufi, sauti juu, darasa zima kwa pamoja, mpaka ulimi unazoea kabla akili haijafika. Mwalimu aliamini njia hiyo kuliko kitu chochote. Alisema macho ni mavivu, yanaruka, lakini ulimi ukilazimishwa hauruki. Kwa hiyo kila mstari wa programu tuliusoma kwa sauti, wote, tukiyumba kidogo. Mwenzetu mmoja, Brayo, kijana aliyezaliwa Nairobi akaja Ukunda kutafuta kazi ya hoteli, siku ya kwanza alicheka mpaka akatoka nje.

"Mwalimu, hii ni code ama ni dua?"

"Ukiiandika vibaya utahitaji vyote viwili. Rudi ukae."

Lugha yenyewe inaitwa Ruby. Ni lugha isiyo na maswali mengi. Kuna lugha nyingine za kompyuta ambazo kabla hujalitumia jina lazima ulitambulishe kwanza: hili ni jina la namba, hili ni jina la maneno. Hii yetu haina habari hiyo. Unaandika jina, unaweka alama ile ya vistari viwili, =, unaandika thamani, basi, jina limezaliwa. Ile alama tulikatazwa kuiita "sawasawa". "Hapana kilicho sawa hapo," alisema, "kuna jina linapewa kitu." Kwa hiyo tuliisoma "ipewe". Umri, ipewe, ishirini. Mpaka leo nikiona ile alama popote, hata kwenye kitabu cha hesabu cha mdogo wangu, masikio yangu husikia "ipewe".

Alichukia sana watu waliofundisha kwamba jina ni sanduku. Siku moja alitutoa nje, akamwomba mwenye duka mbuzi wake aliyekuwa anatafuna makaratasi ya saruji. Akamfunga kamba mbili shingoni. Moja akanipa mimi, ya pili akampa Brayo.

"Vuta," akaniambia. Nikavuta. Mbuzi akaja, na kamba ya Brayo ikaja naye.

"Mathe, si unamnyonga mbuzi wa wenyewe," Brayo akasema.

"Mimi si mathe wako. Mbuzi wangapi hapo?"

"Mmoja."

"Majina mangapi?"

"Mawili."

Kisha akaifungua kamba ya Brayo, akaifunga kwenye mfuko wa saruji. "Sasa jina la Brayo nimelipatia kitu kingine. Mbuzi amepatwa na nini?" Hakupatwa na kitu. Alikuwa bado anatafuna. "Kulipatia jina kitu kingine si kukibadilisha kile cha kwanza. Umehamisha kamba tu." Mwenye duka alisimama mlangoni mikono kiunoni, akauliza kama somo limekwisha ili arudishiwe mnyama wake. Tulicheka siku nzima. Nilikuwa na furaha siku zile ambayo sijui kama nitaipata tena, na ndiyo maana nina hasira.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa bawabu. Alisema katika lugha ile kila kitu ni kama nyumba, na mali yake iko chumba cha ndani. Wa nje haruhusiwi kuingia. Ukitaka kubadilisha kitu, kwa mfano zamu ya kijiji, unaandika kijiji.zamu = 1, na kwa macho unaona umeweka kitu moja kwa moja. Hujaweka. Umebisha hodi. Kuna kazi ndogo imekaa mlangoni, inaitwa zamu=, inaipokea ile moja, inaitazama, na inaweza kuipitisha, kuirekebisha au kuikataa. Hiyo kazi wenyewe wana jina lao la Kizungu, sisi tuliiita bawabu.

Na bawabu ana ajabu yake moja, ambayo Mwalimu hakutaka tuisome tu, alitaka tuione aibu yake. Alimweka Brayo mlangoni. Mimi akanipa kokoto. "Mpelekee bawabu, mwambie nyumba ipewe hili kokoto. Brayo, wewe likatae."

Nikaenda. Brayo akalipokea, akalitazama kama askari wa getini, akalirusha barabarani. Nikarudi mikono mitupu.

"Umeleta jibu gani?" Mwalimu akaniuliza.

"Amekataa, Mwalimu."

"Hapana. Katika lugha hii wewe hujibu hivyo. Wewe unajibu 'kokoto'."

"Lakini amelitupa! Nimeona!"

"Jibu, 'kokoto'."

"Si kweli lakini!"

"Ndivyo ilivyotengenezwa. Bawabu aseme atakalo huko ndani, hakuna anayemsikiliza. Anayeuliza jibu la ule mstari anarudishiwa kile kile alichokituma. Umetuma kokoto, unajibiwa kokoto. Kwa hiyo," na hapo aligonga meza mpaka vikombe vikaruka, "usimsikilize mjumbe! Nenda ukafungue chumba utazame!"

Palikuwa na jambo moja zaidi, na naomba mnivumilie, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini nalia. Ukiwa wewe mwenyewe uko ndani ya nyumba, yaani unaandika kazi ya kitu chenyewe, na unataka kupitia kwa bawabu wako, ni lazima utangulize neno self na nukta. Sisi tulilisoma "yangu-mimi". Yangu-mimi, zamu, ipewe, moja. Ukilisahau, ukaandika zamu = 1 tu, lugha haikukemei. Inadhani unazaa jina jipya la kupita, jina la ile kazi peke yake. Linapewa moja, linakaa nayo mpaka kazi iishe, halafu linakufa, na zamu ya kweli chumbani haijaguswa. Mwalimu alisema ni kama mtu aliyejibandika cheo akiwa chooni: akitoka hakuna anayemwamkia nacho. Somo hili tulilikariri kuliko yote. Wapakiaji wa saruji walilijua. Ungewasikia wakitupiana mifuko: "Yangu-mimi! Ipewe!"

Mtu huyu wa mabawabu, nyumba yake mwenyewe haikuwa na kitasa. Aliishi ndani kidogo, njia ya Msambweni, na mlango wake ulizuiwa kwa jiwe. Tulipomtembelea siku ya Idi Brayo alimuuliza, "Sasa Mwalimu, bawabu wako ako wapi?"

"Kwangu kuna nini cha kuharibu? Kijiji cha watu ndicho cha kuwekea bawabu."

Kompyuta alizisemesha kwa upole, "hebu amka mwanangu, hebu amka," na watu aliwasemesha kama kompyuta zilizokwama. Alilia akisikiliza mchezo wa redio. Hakuweza kumwomba mtu samahani kwa jambo dogo. Ukimkanyaga alikulaumu, akikukanyaga alikulaumu. Kwa hiyo yaliyofuata hakuna aliyeyatazamia kwake.

Kiangazi kile kilikuwa kibaya. Mabwawa ya Kinango yalikauka, lori la mradi likawa linazunguka vijiji kwa zamu za programu ya Mwalimu. Kanuni ilikuwa ya haki: lori likiharibika njiani, kijiji kilichokosa maji kinarudishwa mbele, kinakuwa cha kwanza safari ijayo. Ikatokea lori likavunja springi kabla ya kufika kijiji kimoja cha kuelekea Samburu. Msichana wa ofisini akabonyeza pa kurudisha zamu, na kioo cha kompyuta kikamwandikia: zamu imewekwa, 1. Watu wa kijiji wakapiga simu. Akawasomea alichokiona: "Nyinyi ni wa kwanza." Lori likatengenezwa, likaenda kwingine. Wakapiga tena. Akabonyeza tena, kioo kikasema tena, moja. "Nyinyi ni wa kwanza, ngojeni." Vijiji vingine vilivyojua havina zamu karibu viliswaga mifugo kwenda mtoni, mbali. Hawa hawakuswaga. Wangeondokaje na wao ni wa kwanza?

Ng'ombe walikufa wakingojea. Kuna mama mmoja, Mama Mbeyu, mjane, alikuwa na ng'ombe wake wa kukamua anaowajua kwa sauti kila mmoja, akabakiwa na ndama na mbuzi wachache.

Asubuhi habari ilipotufikia, Mwalimu aliingia darasani hata salamu hakuitikia. Akaandika mstari mmoja ubaoni. "Someni."

Tukasoma kwa pamoja: "Yangu-mimi, zamu, ipewe, moja."

"Tena."

"Yangu-mimi, zamu, ipewe, moja."

Akanipa mimi rula. "Njoo usome kwa kidole. Neno kwa neno. Usitie usichokigusa."

Nikaenda ubaoni. Nikaweka rula mwanzo wa mstari, nikafungua mdomo kusema yangu-mimi, na chini ya rula palikuwa na herufi ya z. Ubao ulisema zamu = 1. Nikatazama nyuma, labda amefuta. Hakuwa amefuta kitu. Sote tulikuwa tumesoma neno ambalo halikuandikwa, kwa sababu ulimi ulikuwa umezoea. Na mstari uliofuata katika programu ulichapisha lile jina la kupita, ndiyo maana kioo kilikuwa kikisema moja, moja, moja, na zamu ya kijiji chumbani haijaguswa.

Brayo ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mwalimu, hiyo line ni ya nani?"

"Yangu."

"Lakini tuliisoma wote. Siku ile ulituletea tuisome, tukasema iko sawa."

"Nyinyi nimewafundisha mimi kusoma hivyo. Nilisema ulimi hauruki. Kumbe unatia." Akakaa. Nilimwona akiitazama mikono yake, na nikataka kumshika bega, nikaogopa.

Kabla ya adhuhuri akaja mkubwa wa mradi. Sisi tulimwita Bwana Mradi. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonichoma zaidi. Alivua viatu mlangoni, akakubali chai. Akasema kuna baraza kesho Kinango na watu wamekasirika.

"Tutasema mtandao ulianguka," akasema. "Watu wanaujua mtandao. Kila mtu umeshamwangusha. Hakuna atakayeumia."

"Mtandao haukuanguka," Mwalimu akasema.

"Najua. Wewe rekebisha kimyakimya."

"Nimesharekebisha alfajiri. Mstari hauna shida tena."

"Basi shida iko wapi?"

"Watu bado wanangoja. Ukiwaambia mtandao, watangoja mtandao upone. Wataambiwa kesho, watakaa kesho."

Bwana Mradi akatutazama sisi, mmoja mmoja, vikombe mikononi. "Mwalimu, watoto hawa nao uwaangalie. Ukisema ni programu, wakubwa wangu watafunga kila kitu. Na chumba hiki."

Alisema kweli. Nakiri hapo nilimwombea dua Bwana Mradi ashinde. Nilikuwa nimeshamwambia mama kwamba mwezi huo ukiisha sibebi tena vitanda vya watu. Nilikuwa nimeshajiona Kinango, na meza yangu, na kikombe changu. Ni neno moja tu, Mwalimu! Sema mtandao! Nani amewahi kuuonea huruma mtandao?

Kesho yake tulimfuata Mwalimu barazani, watu wamekaa chini ya hema kwenye uwanja wa shule. Bwana Mradi alianza kwa maneno ya mbali, hali ya hewa, changamoto, kisha akasema, "Kama mnavyojua, mitambo ya mawasiliano..." Mwalimu akasimama. Hakuombwa, akasimama.

"Shikamooni wazee. Mashine iliwaambia nyinyi ni wa kwanza. Hamkuwa wa kwanza. Hamkuwa hata karibu. Mtandao ulikuwepo, lori lilikuwepo, msichana wa simu aliwasomea alichokiona. Niliyekosea ni mimi. Niliacha neno moja, na mashine ikawa inawarudishia maneno yetu wenyewe."

Mnajua kelele ya watu wenye kiu? Ni kavu. Kijana mmoja alimrushia chupa tupu ya plastiki, ikampiga kifuani, yeye akaiokota akaishika kama kitu alichopewa akitunze. Wakamwita muuaji, mchawi wa kompyuta, mwanamke wa Pwani asiyejua ng'ombe. Mama Mbeyu, ambaye mpaka hapo nilikuwa sijamjua kwa sura, alisimama nyuma na leso kiunoni.

"Kwa hiyo kesho lori haliji?"

"Haliji, mama."

"Keshokutwa?"

"Zamu yenu nimeirudisha, lakini lori lina safari nyingine mbele. Siwezi kukuambia siku."

Mama Mbeyu akaondoka pale pale, hakungoja wengine waliokuwa bado wanatukana. Sisi tukadhani ameshindwa kuvumilia kumtazama Mwalimu.

Wakubwa wa Bwana Mradi walifanya vile vile alivyosema. Mkataba ukakatwa, kodi ikakatwa, kompyuta zikachukuliwa na pikapu zikiwa bado na mchanga wao. Mwenye duka akahifadhi mifuko ya saruji mle darasani. Mwalimu akahama, hatukuambiwa wapi. Brayo alirudi Nairobi. Mimi nilirudi kwenye vitanda, asubuhi kuvitoa, jioni kuvirudisha, na kila nilipokibeba kimoja nilisema moyoni: neno moja, Mwalimu. Ulituuza sote kwa neno moja. Na Kombani wakaanza ule msemo wao wa kiburi, kwamba alitaka kuonekana yeye ndiye mkweli peke yake, nami nikawa nawatukana kwa kumsema, na huku nikimsema hivyo hivyo ndani yangu. Hasira ya namna hiyo haina pa kukaa. Inakula ulipo.

Sikuacha kujifunza, hilo niliseme. Niliomba kukaa na kompyuta ya mhasibu wa hoteli wakati wa mapumziko, nikaandika vitu vidogo, nikapata kibarua cha kuandika programu ya zamu za wahudumu, na baadaye kingine. Sasa vitanda nimeviacha. Mtu angedhani hapo hasira ingeisha.

Mwaka huu mjomba wangu alinichukua mnada wa Samburu kununua mbuzi. Malori yalikuwa yamepanga foleni kando ya barabara kuu, vumbi, honi, mbuzi wanalia. Mjomba akazama kwenye bei zake. Mimi nikasikia sauti nyuma ya banda: "Umemuuliza nani kama ameshiba? Umemtazama tumbo?" Mwili wangu ukasimama wima wenyewe, kama darasani.

Alikuwa amekaa juu ya gunia, amewazuia mbuzi watatu kwa miguu yake, amekonda zaidi. Pembeni alisimama mama mwenye leso kiunoni, akibishana na mnunuzi. Nilimtambua kabla sijataka kumtambua.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuwa mnene. Vizuri. Unafanya nini siku hizi?"

Nilikuwa nimepanga miaka kwamba nikimwona nitambusu mkono. Badala yake yakatoka yote, pale pale mnadani, watu wanapita. Nikamwambia alitufungia darasa. Nikamwambia Brayo hata simu hashiki tena. Nikamwambia neno "mtandao" lingetosha, Bwana Mradi alilileta mpaka mlangoni, na yeye akalitupa na sisi tukiwa ndani yake. Nililia, sina haja ya kuficha, na kulia kukanizidishia hasira.

Mwalimu hakujitetea. Alisema tu, "Ni kweli. Darasa lilikuwa lenu, na nililifunga mimi." Mimi nilitaka ajitetee! Nilitaka anigombeze!

Aliyegeuka ni Mama Mbeyu. Akamwacha mnunuzi na pesa mkononi.

"Huyu ni nani anayepiga kelele kwenye mbuzi wangu?"

"Mwanafunzi wangu," Mwalimu akasema.

"Kumbe mlitaka kuniambia ni mtandao?" Akanisogelea. "Wewe mtoto, sikiliza. Aliponiambia lori haliji, mimi nilitoka pale hemani nikaenda kuswaga ndama na mbuzi siku ile ile mpaka mtoni. Hawa unaowaona ni watoto wa mbuzi wale. Wangesema mtandao, ningekaa. Mimi ni mtu wa kungoja nikiambiwa ngoja."

"Kwa hiyo umemsamehe?" nikauliza, na sauti yangu ilikuwa na matumaini ya kijinga.

"Nimsamehe? Ameniulia ng'ombe! Alikuja nyumbani kwa miguu yake mwenyewe kuniomba msamaha, nikamnyima. Akarudi, nikamnyima. Sasa anafundisha hesabu shule ya hapa, kila mnada anakuja kunishikia mbuzi. Mbuzi namwachia. Msamaha bado." Akamsukuma Mwalimu begani kwa kiwiko. "Sogea wewe, unanikalia gunia."

Mwalimu akasogea. Mama Mbeyu akanitazama kuanzia viatu.

"Na wewe unafanya kazi gani?"

"Naandika programu, mama. Kama yeye."

"Ya nini?"

Nilitaka kunyamaza. Kibarua changu kipya ni cha kamati ya maji ya huku huku Kinango, lori jingine, wakubwa wengine, na nilikuwa sijamwambia hata Mwalimu. Nikasema.

"Aa," Mama Mbeyu akasema. "Kwa hiyo wewe nawe unaweza kuniulia."

Nikamtazama Mwalimu anisaidie. Alikuwa amekunja uso ule ule wa zamani. "Mama amekuuliza. Mjibu."

"Naangalia kila mstari, mama. Nasoma kwa kidole, na nikiweka kitu nafungua tena kutazama..."

"Sikukuuliza unavyosoma. Unaweza kuniulia, huwezi?"

Mbuzi mmoja alijaribu kupita kati ya miguu ya Mwalimu, akamrudisha. Mnunuzi aliita, Mama Mbeyu hakugeuka.

"Naweza, mama," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa polepole, akaanza kuhesabia mbuzi wake kwa mnunuzi, kisha akanirudia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza chumvi dukani.

"Basi siku hiyo uje mwenyewe. Nyumbani ni kule nyuma ya shule, uliza yeyote. Usinipigie simu."